Dundu wa kung'aa wa Sikonge: kinachoifanya spishi iwe mpya

Mdudu mwenyewe ana urefu wa kama sentimita moja na nusu. Ni mwembamba, ana miguu mirefu, na mgongo wake wa kijani kibichi hugeuka shaba ukimzungusha juani. Alipatikana mvua za kwanza za Novemba zilipoanza, chini ya gome la gogo la mti uitwao mtundu lililoanguka kwenye miombo ya Wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora. Picha ilipigwa kwa simu, ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa wadudu na ndege wa kanda yetu, na kabla ya chakula cha usiku wapo waliokuwa wameshatangaza kwamba spishi mpya imegunduliwa Tabora. Mmoja alitaka habari ifike redioni asubuhi yake.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu naamini mdudu huyu kweli ni mpya kwa sayansi, lakini hoja zinazonifanya niamini hivyo hazikuwamo kabisa kwenye mazungumzo ya usiku ule. Kundi lilikuwa na hoja mbili: anang'aa ajabu, na hakuna aliyewahi kumwona. Ya kwanza haithibitishi chochote. Ya pili ilikuwa inaelezea sisi tuliomo kwenye kundi, na tena haikuwa kweli, maana waliompata walikuwa wanamjua siku nyingi.

Waliompata ni warina asali waliokuwa wanakagua mizinga yao. Mmoja wao, mzee aliyekulia kwenye msitu ule, alipoulizwa kama dundu huyu huingia mizingani hakusita. "Hapana, Mwalimu, huyu hana habari na nyuki. Yeye ni wa gogo. Mvua ya kwanza ikishapiga, njoo usiku na tochi, utawaona wanapanda juu ya gogo hili hili. Lakini ukimshika ananuka, na vidole vitabaki na madoa."

Maneno yale yana habari ambayo mtaalamu mgeni angehitaji misimu kuipata: anaishi kwenye mti uliokufa, hutoka mwanzo wa mvua, hutembea usiku, na hujilinda kwa kemikali. Madoa ya kahawia aliyoyataja mzee husababishwa na kwinoni, kemikali zinazotengenezwa na tezi zilizo nchani mwa tumbo kwa madundu wengi wa familia hii. Ndiyo maana nilishikilia kwamba maelezo ya mrina asali yaandikwe kwenye daftari la ukusanyaji kama ushahidi, jina lake na ridhaa yake vikiwamo, yasije yakageuka simulizi ya kupamba utangulizi.

Familia yenyewe ni Tenebrionidae. Wengi tunaifahamu bila kujua, kwa sababu dundu mdogo mwekundu anayeharibu unga dukani na jikoni, Tribolium castaneum, ni wa humo. Wamo pia wale weusi wa jangwa la Namib wanaosimama kichwa chini kunywa matone ya ukungu. Spishi zilizokwisha kuelezwa zinazidi 20,000 duniani. Jina la familia linatokana na giza, na wengi wao ni weusi au kahawia kweli, kwa hiyo mtu akiona dundu wa kijani cha chuma hafikirii upande huo. Kwenye kundi wengine walimwita jamaa wa Buprestidae, wale madundu wa kung'aa wanaoruka mchana kwenye miombo, na wengine wakasema ni mla majani tu.

Chini ya hadubini ya maabara ya shule jambo hilo liliisha haraka. Miguu ya mbele na ya kati ina vipingili vitano vya wayo, ya nyuma ina vinne. Papasi, yaani vile vipapasio vya kichwani, zinaota chini ya ukingo wa paji la uso, kiasi kwamba ukimtazama kwa juu huoni zinapoanzia. Jicho limebonyea kwa mbele, kama vile papasi imelisukuma. Kucha ni laini zisizo na meno, na meno hayo yangekuwapo tungeelekea kwenye tawi jingine la familia hii hii. Vipande vitatu vya kwanza vya tumbo vimeungana havichezi, na kati ya vile vya mwisho unaonekana utando mwembamba ambao jamaa zao wa jangwani hawana. Mwili mrefu wa mviringo, bamba la kifua jembamba kuliko mbawa, kipingili cha kwanza cha wayo wa nyuma kilichorefuka: yote yalitupeleka kwenye jenasi Strongylium, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu.

Na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Strongylium imesambaa katika nchi za joto za dunia nzima na ina spishi zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa za Afrika, na si chache zinang'aa. Kumjua jenasi ilikuwa kazi ya jioni moja. Kusema hafanani na yeyote kati ya ndugu zake ni kazi ya namna nyingine kabisa.

Nianze na rangi, maana ndiyo iliyowateka watu. Kijani hiki hakitokani na rangi iliyochanganywa ndani ya ngozi. Gamba la nje limejengwa kwa matabaka membamba mno yaliyolaliana, na mwanga unaodunda kutoka tabaka moja unakutana na unaodunda kutoka jingine. Mawimbi mengine yanaimarishana, mengine yanafutana, kama rangi zinazotokea mafuta ya dizeli yakitanda juu ya dimbwi. Chini ya matabaka hayo kuna weusi unaomeza mwanga uliobaki, ndiyo maana mng'ao unaonekana mkali. Unene wa matabaka ndio unaoamua rangi. Ukibadilika kidogo sana, kijani kinakuwa shaba, au bluu, au zambarau. Ukiinamisha mdudu, njia ya mwanga inabadilika na rangi inasogea. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba haufifii kama rangi ya kitambaa, na madundu wa kung'aa waliochomwa pini zaidi ya miaka mia moja iliyopita bado wanang'aa kwenye makabati ya makumbusho.

Lakini tofauti ndogo ya unene inaweza kutokea kati ya ndugu wa tumbo moja. Gogo lile lile la Sikonge lilitoa wa kijani, wa shaba, na mmoja wa zambarau iliyokolea. Vijana waliotusaidia kukusanya waliwatenga kwenye chupa mbalimbali wakiamini ni spishi tatu. Kuwatenga lilikuwa jambo jema, kwa sababu kila kundi liliweza kukaguliwa peke yake. Ila baada ya kuwafungua madume, viungo vya uzazi vilikuwa vya umbo moja, vitundu vya mgongoni vilipangika kwa namna moja, na uwiano wa mwili ulipishana bila kufuata rangi. Spishi ni moja. Katika maandishi ya zamani ya kundi hili yapo majina yaliyotolewa kwa rangi peke yake, na baadaye yakafutwa kwa kuunganishwa na spishi iliyokwisha kuwa na jina. Kila jina la namna hiyo lilimwachia mtu wa baadaye mzigo wa kulichunguza upya.

Vitambulisho vinavyobeba uzito ni vile ambavyo picha ya simu haiwezi kuonyesha, na kimojawapo nitakieleza kwa karibu. Dume lililokauka hulainishwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni. Likishalegea, unaingiza pini nyembamba iliyokunjwa ncha kati ya kipande cha mwisho cha tumbo na kile cha juu yake, unanasa kiungo cha uzazi, unakivuta taratibu. Kinatoka kimefunikwa nyama. Kinawekwa kwenye potashi kali iliyopunguzwa kwa maji mpaka nyama iyeyuke na kubaki sehemu ngumu, ya rangi ya asali, ndogo kuliko punje ya mtama. Kisha unakitazama kwa juu, kwa ubavu, na kwa chini. Kwa dundu wetu, ncha yake ukiitazama kwa ubavu imejikunja kuelekea chini na kuishia na mdomo butu, wakati kwa jirani yake wa karibu kabisa, yaani spishi inayofanana naye zaidi, tulivyoona kwenye michoro na picha, ncha hunyooka na kuwa kali. Baada ya kuchorwa, kiungo huhifadhiwa ndani ya tone la gliserini kwenye kichupa kidogo kinachochomwa kwenye pini ile ile ya mdudu, visiachane kamwe.

Hicho kimoja kisingetosha. Tulitaka vitambulisho visivyotegemeana vikubaliane. Macho ya dume yamekaribiana paji la uso likabaki ukanda mwembamba, wakati ya jike yameachana zaidi. Hilo ni la kawaida kwa Strongylium, lakini kiasi cha kukaribiana kinapimika na kinatofautiana kati ya spishi. Goko la mguu wa mbele wa dume limepinda kwa ndani na lina safu fupi ya vinyweleo vya dhahabu. Mistari ya vitundu mgongoni inaendelea hadi karibu na ncha bila kufifia. Kipande cha mwisho cha tumbo la dume kina bonde lenye kingo zilizoinuka. Vyote hivi viko kwa madume wote tuliowachunguza, wa kijani na wa shaba.

Sasa tuje kwenye kazi ambayo watu hawaioni, na ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa. Kusema "mpya" ni kutoa kauli juu ya wadudu wengine wote waliokwisha kupewa majina. Huwezi kuitoa kwa kumtazama mmoja uliyenaye. Lazima umlinganishe na vielelezo vya asili, yaani wale wadudu halisi ambao kila jina la zamani limefungwa kwao. Vielelezo vya madundu wa Afrika Mashariki vipo Berlin, London, Paris, Tervuren nchini Ubelgiji, Budapest. Maelezo yaliyoambatana navyo yameandikwa kwa Kilatini, Kijerumani na Kifaransa. Mfini Mäklin alikuwa anaandika juu ya Strongylium miaka ya 1860. Karne ya ishirini akaja Mjerumani Hans Gebien na orodha yake kubwa ya familia hii, kisha Mhungaria Zoltán Kaszab aliyetoa majina kwa maelfu ya spishi zake. Maelezo ya zamani mengine ni sentensi chache zinazotaja ukubwa, rangi na kung'aa, vitu vile vile tulivyokwisha kuona havitoshi.

Kwa hiyo tuliomba picha za vielelezo kutoka kwenye makumbusho. Wahifadhi walijibu kwa ukarimu, na kwa wale waliofanana zaidi na wetu walitupigia picha za ziada za tumbo na miguu. Hapo tukakutana na tatizo la lebo. Kielelezo kimoja kilichotusumbua kina kikaratasi chenye neno moja tu, "Tanganyika". Kama kilikusanywa kabla ya 1920, mkusanyaji huenda alimaanisha ziwa, na mwambao wa Ziwa Tanganyika una pande nyingi: Kigoma na Ujiji upande wetu, Kongo ng'ambo, Burundi kaskazini, Zambia kusini. Kama kilikusanywa baada ya hapo, Tanganyika lilikuwa jina la nchi nzima chini ya Waingereza, na mdudu angeweza kutoka Tanga. Hakina mwaka, hakina mti, hakina msimu. Ikabidi tuamue kwa umbo peke yake, na kwa bahati ni dume, na goko lake la mbele limenyooka, halikupinda kama la wetu.

Ndiyo maana lebo zetu zimejaa. Kila mdudu ana kikaratasi chenye nchi, mkoa, wilaya, kijiji cha karibu, vipimo vya mahali kwa GPS, mwinuko, tarehe, aina ya mti, hali ya gogo, saa, na jina la aliyemshika. Mtu wa mwaka 2120 atakayemtoa kabatini asilazimike kubahatisha.

Naomba nitoke kando kidogo, kwa sababu hapa Tabora pana mtu atauliza, na nimeulizwa: jina la dundu wa gogoni litamsaidia nini mkulima? Wenye umri wanakumbuka mahindi yalivyoanza kugeuka vumbi ghalani mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamoja na muhogo mkavu. Mdudu aliyefanya hivyo ndiye dumuzi, ambaye wakulima wengine walimwita Skania. Tabora ndiyo sehemu ya kwanza ya Afrika alikobainika. Alipochunguzwa ikaonekana kwamba jina analo tayari, Prostephanus truncatus, spishi iliyoelezwa mara ya kwanza na mtaalamu Mmarekani Horn mwaka 1878, na kwamba kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Kwa kuwa jina lilionyesha kwao, watafiti walikwenda huko huko kumtafuta adui wake wa asili, dundu mdogo anayeitwa Teretrius nigrescens, ambaye miaka ya 1990 aliachiliwa katika nchi kadhaa za Afrika. Mwaka 1878 hakuna aliyejua kwamba maelezo yale yangehitajika Tabora miaka mia moja baadaye. Dundu wetu haharibu mahindi ya mtu, na sitamzushia faida asiyokuwa nayo. Kinachojulikana ni kwamba mabuu ya jenasi yake hukua ndani ya miti iliyooza, na miti inayooza ni sehemu ya jinsi miombo inavyorudisha rutuba yake.

Upande wa vinasaba tulichukua mguu mmoja kutoka kwa wadudu waliohifadhiwa kwenye spiriti kali, ili kusoma kipande cha jeni ya COI chenye jozi 658 za besi, ambacho ndicho hutumika duniani kote kutambulisha wanyama. Wa kijani na wa shaba walikaa pamoja. Lakini jirani yao wa karibu kwa umbo hana kipande kama hicho kwenye hifadhidata za umma, kwa hiyo ulinganisho wa vinasaba unaishia njiani na sikutaka uandikwe kama uthibitisho. Unaunga mkono tu kwamba wa kijani na wa shaba ni wa spishi moja.

Ili jina likubalike, Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne lililoanza kutumika 2000, zinataka mambo yawe wazi kwenye chapisho: kwamba spishi inatajwa kuwa mpya, kwamba yapo maelezo ya kuitofautisha, kwamba mdudu mmoja ametengwa kuwa holotaipu, yaani kielelezo ambacho jina limefungwa kwake, na kwamba imetajwa hifadhi atakapowekwa. Chapisho la mtandaoni tupu lazima lisajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Strongylium kwa Kilatini si la kiume wala la kike, kwa hiyo jina linalotokana na mahali huishia -ense. Jina tulilochagua silitaji hapa, ijapokuwa nimeombwa mara nyingi. Jina likitangulia maelezo yake linabaki tupu, halina mdudu lililofungwa kwake, na linawachanganya watu kwa miaka. Hiyo pia ndiyo sababu habari haikupelekwa redioni.

Palipokuwa na ubishi wa kweli kati yetu ni holotaipu akae wapi. Wapo waliosema apelekwe Ulaya, kwa kuwa hapa kwetu unyevu wa masika huleta ukungu, sisimizi wanaingia popote, na vijidudu vinavyokula wadudu wakavu havina huruma. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini bomu liliharibu makumbusho ya wanyama ya Hamburg mwaka 1943, na moto wa makumbusho ya taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, wa Septemba 2018 uliteketeza wadudu kwa mamilioni. Hakuna kabati lililo salama kabisa. Tulikubaliana holotaipu abaki Tanzania, kwenye sanduku lisilopitisha hewa na lenye kukaguliwa kwa ratiba, na parataipu, yaani vielelezo vingine vilivyotumika pamoja naye, wagawanywe kwenye hifadhi zaidi ya moja, ndani na nje ya nchi. Kwangu uamuzi huo una uzito mkubwa. Kijana wa Tabora anayetaka kumsoma dundu wa Sikonge anastahili kumfikia kwa basi, bila kuomba viza.

Vibali havikutusumbua kwa sababu vilishughulikiwa mapema. Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), msitu wa hifadhi una mwenye dhamana, yaani TFS (wakala wa misitu), na kusafirisha sampuli nje kuna kibali chake.

Jambo moja nililipinga kwenye rasimu hadi likaondolewa: sentensi iliyosema spishi hii ni adimu na iko hatarini. Ni kweli miti ya miombo ya Tabora inakatwa kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, na moto wa mwisho wa kiangazi huteketeza magogo yaliyolala. Ila sisi tumemtafuta sehemu moja tu. Miombo ile ile inaendelea magharibi kupitia Kaliua hadi Uvinza na bonde la Malagarasi, mkoani Kigoma, na mpaka itafutwe huko usiku, mvua ikiwa imeanza, hakuna msingi wa kusema ni adimu.

Mswada uko kwa wahakiki. Mmoja ametaka picha bora ya bonde la kipande cha mwisho cha tumbo, iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni, na ameuliza kama goko lililopinda linaweza kuwa tofauti ya mdudu mmoja mmoja. Picha imepigwa upya. Swali la pili tunalijibu kwa jedwali la madume wote, kila mmoja na rangi yake, urefu wake na mpindo wa goko lake, ili msomaji apime mwenyewe. Mrina asali wetu ameomba nakala ya picha ya ubavu iliyokuzwa awaonyeshe wenzake wa Kaliua kabla ya mvua za Novemba, waanze kuangalia magogo ya huko.